Elimu ya Kemia Katika Nchi ya Mpanda

Atakayeitazama ramani ya Tanzania upande wa magharibi, baina ya Tabora na Ziwa Tanganyika, ataona njia ya reli ikiiacha Reli ya Kati hapo Kaliua, ikateremka kusini katikati ya misitu ya miombo, na kukoma Mpanda. Mji huo leo ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ulipogawanywa Mkoa wa Rukwa. Ni nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, na ya wageni wengi waliohamia kwa kilimo, mifugo na madini. Katika miaka hii, habari za kufundisha sayansi kwa njia ya intaneti zinaposemwa, mahali kama Mpanda hutajwa kuwa mfano wa nchi iliyo mbali, ambayo elimu ya kemia ndiyo kwanza inaifikia kwa simu na kompyuta.

Fikira hiyo yafaa ichunguzwe kabla ya kukubaliwa. Kemia ni elimu ya kujua vitu vimefanywa kwa nini na vinageukaje kuwa vitu vingine. Kwa maana hiyo, nchi ya Mpanda na majirani zake haikupata kukosa kemia wakati wowote tunaoujua katika historia yake. Kilichobadilika ni namna elimu hiyo ilivyoshikwa, na nani aliyeishika. Katika insha hii nakusudia kuifuata habari hiyo tangu tanuru la chuma hadi intaneti, nikiangalia mambo matatu kila mahali: mkono ufanyao kazi, sababu ielezayo kazi, na lugha ambayo sababu hiyo husemwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba mambo haya matatu zamani yalikaa kwa mtu mmoja, kisha yakatengana, na kwamba intaneti imerudisha moja tu kati yake. Hili si jambo la wanazuoni peke yao, kwa maana watu wa Mpanda leo wanashika kila siku vitu viwili vyenye sumu, na elimu ya kuwakinga imekwisha andikwa.

Na tuanze na chuma. Kusini ya Mpanda, katika nchi ya Ufipa, ambayo tangu 1974 hadi 2012 ilikuwa katika mkoa mmoja na Mpanda, wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu. Lungu moja lilipita kimo cha mtu, na mengine yalifika kama mita 3. Halikuhitaji mivukuto. Matundu yaliachwa chini, na kwa kuwa tanuru lilikuwa refu kama dohani, hewa ya moto ilipopanda juu hewa mpya iliingia chini yenyewe. Ndani yalipangwa mawe ya chuma na makaa, tabaka juu ya tabaka, na moto ukaachwa kuwaka kwa siku kadhaa. Kilichopatikana hakikuwa chuma safi, bali madonge yaliyochanganyika na taka. Madonge hayo yalichomwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo kikapatikana chuma cha kufulia majembe na mikuki. Matanuru hayo yaliandikwa na wamisionari tangu mwanzo wa karne ya 20, na katika zama zetu yamechunguzwa kwa makini na Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwanakemia akilitazama lungu ataeleza hivi. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Makaa yakiwaka mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo hupenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda. Basi huipokonya oksijeni kutoka katika jiwe, ikageuka dioksidi ya kaboni na kutoka juu, na chuma kikabaki chini. Mhunzi wa Ufipa hakulijua neno oksijeni, lakini alijua mti upi hutoa makaa yafaayo, jiwe lipi lina chuma na lipi halina, hewa iwe kiasi gani, na rangi ya moto ikoje wakati wa kufungua. Alijua pia dawa za kuweka chini ya tanuru na miiko iliyompasa aishike wakati wa kazi. Sisi hatuna haja ya kuziamini dawa hizo, walakini tusizidharau, kwa sababu zilikuwa ndiyo njia yake ya kueleza kwa nini siku moja kazi hufaulu na siku nyingine huharibika. Mkono, sababu na lugha vyote vilikuwa vyake. Kijana aliyetaka kujifunza alikwenda kwa bwana wa kazi, akabeba kuni, akaponda mawe, akatazama, akasikia, na baada ya miaka akaaminiwa.

Upande wa kaskazini, kwenye barabara iendayo Kigoma, kulikuwa na kazi nyingine ya namna hiyo. Uvinza, karibu na mto Malagarasi, pana chemchemi za maji ya chumvi. Watu waliyachota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu hadi maji yakatoka kwa mvuke na chumvi ikabaki. Wanahistoria J. E. G. Sutton na Andrew Roberts, waliochimba hapo katika miaka ya 1960, walionyesha kwamba kazi hii ilianza yapata karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Kwa hiyo, mwanafunzi wa leo anapoandika katika daftari lake jinsi ya kutenga chumvi na maji kwa kuchemsha, anaandika habari ambayo nchi yake imeijua kwa muda upatao miaka 1,500. Ni jambo la kusikitisha kwamba kitabu chake aghalabu hakimwambii hivyo.

Katika karne ya 19 elimu ya namna nyingine ilifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Karema, ambayo leo imo katika Mkoa wa Katavi, ilijengwa kuwa kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa mapadre waitwao White Fathers. Mwaka 1889 alifika hapo mtu ambaye yafaa jina lake lijulikane na kila mwanafunzi wa sayansi Tanzania, yaani Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, katika nchi ziuzungukazo mto Niger, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadre hao, kisha akapelekwa kisiwani Malta kusomea utabibu. Tangu alipofika Karema hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa ufuko ule hadi alipofariki mwaka 1956, na habari za maisha yake alizieleza mwenyewe katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Nimemtaja Atiman kwa sababu yeye ni mfano wa mtu aliyevuka mpaka na kubeba vyote. Sayansi aliyojifunza Malta aliijifunza kwa lugha za Ulaya. Lakini alioa na kuishi Karema, akasema na wagonjwa wake kwa lugha zao, na akajali kujua dawa za miti za watu wa hapo. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60 mgonjwa wa Karema alipewa dawa na mtu aliyejua sababu ya dawa, na aliyeweza kuieleza sababu hiyo katika lugha ya mgonjwa. Watu wa namna yake walikuwa wachache mno. Kazi yake ilikuwa ya mtu mmoja, wala hapakuwa na shule ya kumrithi.

Sasa tuje Mpanda penyewe. Mji huu hasa ni mtoto wa risasi, nayo ni risasi ya madini, si ya bunduki. Mawe yenye risasi yalipogunduliwa katika milima ya karibu, nayo yakaonekana kuwa yana shaba, fedha na dhahabu pia, kampuni ya Uruwira Minerals iliundwa kuyachimba baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ya kikoloni iliamini sana mgodi huo hata ikakubali kujenga tawi la reli kutoka Kaliua, mwendo wa kilomita zipatazo 210, nalo likamalizika mwaka 1950. Kwa miaka kumi hivi, risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini makubwa yaliyouzwa na Tanganyika katika nchi za nje. Kisha mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mgodi ulifungwa. Reli ilibaki, na mji ukabaki.

Jiwe lenye risasi liitwalo galena ni risasi iliyoungana na salfa. Lina rangi ya kijivu inayong'aa, na ni zito kupita kawaida, zaidi ya mara saba ya uzito wa maji ya kiasi kile kile. Katika migodi ya karne ya 20 mawe ya namna hii yalisagwa yakawa unga, yakatiwa katika maji yenye dawa zinazofanya chembe za galena zishikamane na mapovu, mapovu yakaelea juu na kukusanywa, na mchanga usiotakiwa ukazama na kumwagwa. Ni kazi ya kemia tangu mwanzo hadi mwisho. Mgodi kama huo hauwezi kwenda siku moja bila maabara ya kupima ni kiasi gani cha risasi kimo ndani ya jiwe.

Lakini hapa ndipo mkono ulipotengana na sababu. Mfanyakazi Mwafrika alichimba, alibeba, alisaga, alimwaga dawa kwa kipimo alichoambiwa. Sababu ya kipimo ilikaa katika ofisi, katika lugha asiyoifahamu, kwa watu ambao mkataba wao ukiisha wangerudi kwao. Mhunzi wa Ufipa alikuwa bwana wa kazi yake. Kibarua wa mgodini alikuwa mkono tu. Sisemi haya kwa kulaumu peke yake, kwani vibarua wa migodi ya Ulaya nao waliishi hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mtoto wa kibarua wa Ulaya alikuwa na shule karibu ya kumfundisha, katika lugha ya mama yake, kile ambacho baba yake hakuambiwa. Mtoto wa Mpanda aliyetaka kusoma zaidi alihitaji kupanda gari la moto kwenda Tabora, kama alibahatika kuchaguliwa, na Tabora ilikuwa na nafasi chache kwa nchi kubwa. Mgodi ulipofungwa, maarifa yaliondoka pamoja na wenyewe. Hapakubaki Mpanda chuo wala maabara, wala kitabu kimoja cha Kiswahili cha kueleza jiwe lile lilikuwa nini.

Baada ya uhuru juhudi kubwa ilifanywa kurekebisha hali hiyo, na si haki kuinyamazia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo cha sayansi mwaka 1965, kikaanza kuwatoa walimu wa kemia. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kiingie pia katika shule za sekondari tangu mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na Kiingereza kikabaki. Hata hivyo wataalamu wa lugha hawakukata tamaa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Tangu siku hiyo hakuna mtu awezaye kusema kwa haki kwamba Kiswahili hakina maneno ya kemia. Maneno yapo. Yaliyokosekana ni masomo ya kuyatumia.

Matokeo yake ni hali ambayo kila mwalimu wa sekondari anaijua. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili kwa miaka saba. Anajifunza hewa, maji, chumvi na kutu. Kisha anaingia kidato cha kwanza, na kemia anakutana nayo kwa Kiingereza asichokifahamu, kwa hiyo huikariri kama mtu akaririvyo maneno ya ugeni. Hapo lugha nayo ikatengana na sababu.

Mkono haukusalimika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijenga shule za kata kila pembe ya nchi, na Mpanda ilipata zake. Wengi waliokuwa wasingeona sekondari maishani mwao wakapata kusoma. Lakini shule nyingi zilianza bila maabara. Ndiyo sababu Rais Jakaya Kikwete aliagiza kwamba kila shule ya kata ijengewe vyumba vitatu, cha kemia, cha fizikia na cha biolojia, na mwaka 2014 nchi nzima ikawa katika michango na ujenzi huo. Kujenga kuta ni hatua. Lakini maabara ni zaidi ya kuta, kwani ni maji, moto, vyombo, dawa, na mwalimu asiyeogopa kuzishika. Pasipo hivyo mwanafunzi huchora bomba la kioo katika daftari bila kupata kulishika mkononi.

Intaneti ilipofika iliikuta Mpanda katika hali hiyo, nayo haikuja kwa siku moja. Waya wa kwanza wa baharini, uitwao SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mkongo wa taifa wa mawasiliano ukaenezwa bara. Mpanda wakati huo ilikuwa bado nje ya gridi ya taifa, ikipata umeme wa mashine za dizeli, na kwa hiyo simu ya mkononi ndiyo iliyokuwa lango la kweli, wala si kompyuta ya shule.

Vilivyomo ndani ya lango hilo ni vingi, na mtu mwenye haki hana budi kustaajabu. Tangu mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Colorado cha Marekani, kwa mradi ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman, kinatoa bure michoro iendayo, iitwayo PhET, ambayo mwanafunzi aweza kujenga atomu kwa kidole chake. Tangu 2004 hazina ya PubChem iko wazi, na ndani yake mtu hupata tabia za dawa nyingi mno. Tangu 2008 Chuo Kikuu cha Nottingham kimeweka filamu fupi juu ya kila elementi. Hapa kwetu, Shule Direct ilianza mwaka 2013 kutoa masomo ya sekondari kwa kufuata mtaala wa Tanzania. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wengi ndipo walipotambua kwamba vitu hivyo vipo.

Basi sababu imerudi. Yale yaliyofungiwa ofisini mwa mgodi katika miaka ya 1950, kijana wa Mpanda aweza kuyapata leo akiwa amekaa chini ya mwembe. Ni mageuzi makubwa, na mtu asiyeyaona hakuitazama vema historia tuliyoisimulia. Lakini tukiuliza habari za lugha, jibu ni jepesi: karibu yote ni Kiingereza. Kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina kurasa za elementi, na humo jedwali la elementi limepewa jina zuri la mfumo radidia. Kurasa nyingi, walakini, ni fupi. Humtajia msomaji nambari na alama, kisha zikamwacha mlangoni. Na tukiuliza habari za mkono, filamu humwonyesha mwanafunzi rangi ikibadilika, lakini haimpi kushika wala kunusa, wala kukosea na kurudia.

Mfano mmoja waonyesha mambo yote mawili kwa pamoja. Walimu wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani, waliofundisha katika shule za Tanzania, walitunga mwongozo na kuuweka mtandaoni bure, wakauita Shika na Mikono. Shabaha yake ni kumwonyesha mwalimu jinsi ya kufanya majaribio kwa vitu vya dukani na sokoni mahali pa vile vya maabara ghali. Hii ni fikira njema sana, nayo inaurudisha mkono mahali pake. Walakini jina ndilo lililo la Kiswahili, na maelezo ndani ni ya Kiingereza. Yaani waliotoka mbali walitambua kwamba mkono umepotea. Kuitafuta lugha ilikuwa kazi yetu sisi.

Msomaji aweza kuuliza: kuna hasara gani, maadamu wanaotaka kemia hasa ni wale watakaokwenda vyuoni, nao watajua Kiingereza? Jibu langu liko katika milima ya Mpanda yenyewe. Tangu mgodi mkubwa ufungwe, na hasa tangu serikali iliporuhusu wachimbaji wadogo kwa leseni, watu wengi wamechimba dhahabu katika nchi ile. Jiwe hutolewa katika duara, husagwa kwa karasha, huoshwa mwaloni, na chembe za dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Zebaki huungana na dhahabu ikawa donge laini, kisha donge huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, ikapaa kuwa mvuke usioonekana, na dhahabu ikabaki. Mvuke huo huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa aliye jirani naye, ukaharibu ubongo na figo kidogo kidogo. Ile imwagikayo mwaloni hufika mtoni, vijidudu vikaigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine iliyo mbaya zaidi, ikaingia ndani ya samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia kwa mtu.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili katika mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitangazwa mwaka 1956, mwaka ule ule aliofariki Atiman wa Karema. Mkataba wa mataifa wenye jina la mji huo ulikubaliwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Maelezo yote ya kupunguza hatari yapo mtandaoni: jinsi ya kuuzuia mvuke kwa chombo kilichofunikwa, ambacho huupoza ukarudi kuwa zebaki ya kutumika tena, na jinsi ya kutenga dhahabu pasipo zebaki kabisa.

Kuna hatari ya pili ambayo husemwa kwa nadra. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi. Wazazi wao walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mawe waliyosaga majumbani yalikuwa na dhahabu pamoja na risasi, na vumbi lililoenea uani, vyomboni na mikononi mwa watoto ndilo lililowaua. Mawe ya Mpanda si mawe ya Zamfara, kwani kila mlima una tabia yake. Walakini mji mzima wa Mpanda ulijengwa kwa sababu milima yake ina risasi na dhahabu mahali pamoja. Mtu ajuaye habari hizi mbili hawezi kumwona mama akisaga jiwe karibu na mtoto wake asishtuke.

Hapo ndipo lugha inapokuwa jambo la uhai. Neno la Kiswahili la madini hayo ni risasi, neno la kale tulilolipata kwa Waarabu, na kwa watu wengi leo maana yake ni kitu kitokacho katika bunduki. Ukimwambia mchimbaji kwamba vumbi la jiwe lake lina risasi, aweza kucheka. Hapana kosa kwake, wala kwa neno. Neno halitoshi bila somo. Mtu anahitaji kuambiwa, kwa lugha anayoiota usiku, kwamba kuna madini laini yenye rangi ya kijivu, mazito, ambayo zamani yalitengenezewa tembe za bunduki hata zikarithi jina lake, kwamba yamo ndani ya jiwe hili ling'aalo, na kwamba mtoto akiyala kwa vumbi hayatoki mwilini upesi. Maneno haya machache si mageni kwa Kiswahili. Lakini atakayeyatafuta mtandaoni katika lugha hii atataabika, na akiyatafuta kwa Kiingereza atapata kurasa zisizohesabika.

Historia tuliyoipitia yatuonyesha, basi, kwamba ukosefu wa Mpanda si ukosefu wa kemia, wala leo si ukosefu wa maelezo. Ni kutengana kwa vitu vitatu ambavyo katika lungu la Ufipa vilikuwa kitu kimoja. Intaneti imeleta sababu kwa wingi usio na mfano. Mkono na lugha haiwezi kuvileta yenyewe, kwa kuwa vitu hivyo hufanywa na watu wa mahali.

Kazi hiyo haihitaji mali nyingi. Mwalimu wa Mpanda aweza kufundisha asidi kwa limau na siki, na besi kwa maji ya majivu, akivipima kwa maji mekundu ya choya yanayobadilika rangi. Aweza kufundisha kutenga kwa chumvi ya Uvinza, na uzito wa vitu kwa jiwe la galena lililofungwa vema na kushikwa kwa uangalifu. Kazi ya mtandao iwe kumkamilishia, kumwonyesha yale yasiyoonekana kwa macho, yaani atomu zikishikana na kuachana. Nasi wa vyuo vikuu tunayo sehemu yetu. Kamusi ya 1990 ilitupa maneno. Imepita zaidi ya miaka 30, na bado hatujayaandikia masomo. Mwanafunzi wa kemia na mwanafunzi wa Kiswahili wakikaa pamoja, waandike kurasa ishirini juu ya zebaki, risasi, chumvi na chuma, kwa mifano ya Katavi, waziweke mahali ambapo simu ya mchimbaji yaweza kuzifungua na kuzisoma kwa sauti. Kisha mmoja wao apande gari la moto hadi mwisho wa reli, akaone kama zinaeleweka mwaloni, na arudi kusahihisha yasiyoeleweka.